Mita Saba na Kidogo

Katika ofisi ya cité, yaani mitaa ya Waafrika, Eugène alijulikana kwa mambo mawili: mwandiko wake mzuri na tabia yake ya kutoa moja. Mwandiko alifundishwa na mapadri. Kutoa moja alifundishwa na utepe wa kupimia.

Utepe huo ulikuwa wa kitambaa, wa mita ishirini, na mita yake ya kwanza ilikatika siku mlango wa gari la ofisi ulipoubana. Waliomba mwingine. Barua zikaenda Ulaya, zikarudi, zikaenda tena, na miaka mitatu ikapita hivyo hivyo. Muda wote huo Eugène alipima viwanja vya watu kwa kuanzia kwenye alama ya moja, akasoma namba ya mwisho, kisha akatoa mita moja kichwani kabla ya kuandika. Hata sokoni, mke wake akipimiwa kitambaa, midomo ya Eugène ilicheza peke yake: toa moja. Timothée, karani mwenzake, alikuwa akimtania kwamba siku akiulizwa ana watoto wangapi atajibu wanne, na nyumbani wamo watano.

Mwaka ule wa 1956, mtu mwenye kiwanja katika cité za Kisangani hakuwa na ruhusa ya kukifanyia alilotaka. Kiwanja kilikuwa cha kulala, si cha biashara. Ukitaka kibao cha kazi yako mlangoni, uombe. Ukitaka banda upande wa barabara, uombe pia, na ombi liandikwe kwa mashine, kiwanja kipimwe, kamati ikae mara moja kwa mwezi, halafu Mzungu wa utawala atie sahihi. Kitabu cha sheria kiliita banda lolote la kuwekea chombo chenye magurudumu kwa jina moja tu: garage. Mwenye gari na mwenye baskeli wote waliomba garage.

Ndiyo maana watu wa mtaa walicheka mbavu ziwaume waliposikia kwamba Zéphirin, asiye na gari, anaomba garage.

Zéphirin alikuwa mjomba wa Eugène, ndugu mdogo wa mama yake marehemu. Alizaliwa kwa wavuvi wa Wagenia, kando ya maporomoko, lakini maji yalimshinda mapema kwa sababu ya kifua. Kila akiloa, alikohoa wiki nzima. Ndugu zake wakabaki na mitego yao ya kufungwa kwenye miti, yeye akajifunza baskeli. Miaka kumi na tisa alitengeneza baskeli chini ya veranda ya mfanyabiashara mmoja mjini, na juu ya kichwa chake, miaka yote kumi na tisa, liliandikwa jina la mfanyabiashara. Wateja walisema wanapeleka baskeli kwa fulani, wakimtaja Mzungu ambaye hakuwahi hata kugusa mnyororo. Halafu Mzungu akauza nyumba akarudi kwao, na mwenye nyumba mpya akamwambia Zéphirin aondoe sanduku lake.

Aliliondoa bila kelele. Alirudi nyumbani kwake, kwenye barabara ile ambayo wavuvi hupita asubuhi na baskeli zilizoelemewa na samaki, akakaa mlangoni siku mbili akihesabu matairi yaliyopita yakiwa hayana upepo. Siku ya tatu akamwita Eugène.

"Mutoto yangu, mimi sitaki tena veranda ya mutu. Nataka garage yangu hapa, mbele ya nyumba. Mita tatu tu. Velo mbili zinageuzwa miguu juu, na mimi katikati, na mvua hainipate. Na kibao. Kibao iko tayari."

Kibao kilikuwa tayari kweli. Alikitoa chini ya kitanda, kimefungwa ndani ya kitenge cha mke wake Gertrude. Jirani yake Zuberi, fundi cherehani aliyetoka Maniema, ndiye aliyemchorea herufi kwa rangi ya bluu: GARAGE ZÉPHIRIN. Chini yake palikuwa na baskeli ndogo yenye gurudumu moja kubwa kuliko jingine, maana Zuberi alijua nguo kuliko michoro.

"Jina yangu, Eugène," alisema Zéphirin. Akapitisha kidole juu ya herufi bila kuzigusa. "Kwetu Wagenia, hakuna mutu anaandika jina ku mutego. Kila mutu anayua miti hii ni ya nani. Lakini huku, kama haikuandikwa, donc hauko."

Eugène aliandika ombi kwa mwandiko wake bora kabla ya kulipeleka kwenye mashine. Tuseme ukweli: alijivuna. Mjomba huyu alimpeleka shule ya mapadri amekaa kwenye bomba la fremu ya baskeli miaka minne, mvua na jua, akikohoa njia nzima, na leo mtoto yule wa kwenye bomba ndiye mwenye kalamu.

Wiki hiyohiyo, kwa bahati ambayo kila mtu aliiita njema, utepe mpya ulifika kwa meli. Ulikuwa wa chuma, unang'aa, umekunjwa ndani ya kibweta cha ngozi chenye mkono mdogo wa kuzungusha. Eugène akaomba apewe yeye aufungue, na akaomba kiwanja cha kwanza kupimwa nao kiwe cha mjomba wake. Alidhani anampa heshima.

Alifika Jumanne asubuhi. Watu walikuwa wamejaa kama vile kuna harusi. Zéphirin alikuwa amevaa suruali ya kanisani. Akamwonyesha Eugène mashimo manne aliyokwisha kuyachimba, mawili kando ya ukuta wa nyumba na mawili mbele, kila shimo limesafishwa vizuri chini kabisa.

"Tonton, unachimbaje mbele ya ruhusa?"

"Si niko na mutoto ku biro?" alisema Zéphirin, na watu wakacheka.

Neno lile lilimchoma Eugène. Katika cité hakuna kilichoenea upesi kama maneno ya karani anayependelea ndugu zake, na mbele yake walisimama watu zaidi ya ishirini, wengine wenye maombi yao yaliyokataliwa. Akakaza uso. Akampa mjomba wake pete ya utepe aishike kwenye ukingo wa mtaro wa barabara, na Zéphirin akaishika kwa vidole viwili, kwa uangalifu mkubwa, hapohapo ukingoni, bila kuisogeza hata kidogo. Yeye Eugène akarudi nyuma hadi ukutani na kusoma.

Mita saba na sentimita kumi.

Sheria ilitaka mita nne ziachwe wazi kati ya mtaro na jengo lolote. Banda lilikuwa la mita tatu. Nne na tatu ni saba. Lakini miaka mitatu ya mazoea haiulizi ruhusa, na midomo ya Eugène ikacheza kama ilivyocheza siku zote. Toa moja. Akaandika: mita sita na sentimita kumi.

"Haifike, tonton," alisema. "Inapunguka karibu mita nzima."

Zéphirin alibaki ameshika pete. "Lakini mimi nilipima na gurudumu. Nikapata saba na kidogo."

Hakuwa anabahatisha. Gurudumu lake la kupimia lilikuwa la mbele la baskeli ya zamani, lenye kamba nyekundu kwenye spoku moja. Mzunguko mmoja ulikuwa mita mbili na shubiri, na kwa gurudumu hilo alikuwa amepima uzio wa nusu ya majirani zake, wala hakuna aliyelalamika.

"Tonton," Eugène alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "gurudumu haiko kipimo ya serikali."

Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka mzee. Zéphirin akaachia pete. Eugène akazungusha ule mkono mdogo, na utepe wa chuma ukaingia kibwetani. Mzee akajifuta mikono kwenye suruali ya kanisani, akasahau kwamba ilikuwa ya kanisani, akasema, "Bon. Kama ni Eugène amepima, imepimwa."

Kamati ilikataa ombi mwezi uliofuata. Bila banda lililoruhusiwa hakuna mahali pa kazi, na bila mahali pa kazi hakuna kibao. Ombi lililokataliwa halikuweza kurudishwa kabla ya mwaka kwisha. Eugène mwenyewe aliipeleka barua, akaisoma, akaona Gertrude akiingia ndani na kutoka na vipande vya mbao za sanduku, akifunika mashimo moja baada ya jingine na kuweka jiwe juu, kuku wasitumbukie. Kibao kilirudi chini ya kitanda.

Zuberi hakukubali. Alivuka uzio siku hiyohiyo, cherehani akaiacha na nguo ya mtu ndani yake.

"Andika barua, Zéphirin. Omba bapime mara ya pili. Mimi niliona gurudumu yako. Ile gurudumu haikosake."

"Ya nini? Mwenye alipima ni mutoto yangu. Niseme yeye ni muongo?"

"Si muongo. Mutu anaweza kukosa."

"Eugène hapana," alisema Zéphirin, na mjadala ukaishia hapo. Kuanzia siku ile hakuligusa tena gurudumu lake la kupimia. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya nyumba, na jirani alipokuja kuliazima alijibiwa kwamba limeharibika.

Lakini mtu hula. Kwa kuwa nyumbani alikatazwa, Zéphirin alibeba sanduku lake kila asubuhi hadi kwenye njia ya mawe wanakopandia wavuvi kutoka kwenye maporomoko. Pale hapakuwa cité, hapakuwa na sheria ya mita nne, na hapakuwa na paa pia. Alitengeneza baskeli juu ya mwamba, miguu ikiwa kwenye unyevu na mvuke wa maji ukimjia mgongoni. Mvua ya Kisangani haina msimu wa kupumzika wa maana. Ikinyesha alijifunika mfuko wa kahawa. Kifua kikaanza kumsumbua mwezi wa saba, na mwezi wa nane kikohozi kilimtangulia njiani, watu wakijua anakuja kabla ya kumwona.

Eugène aliona. Alimletea sharubati ya dawa kutoka kwa masista, akamsihi akae nyumbani. Mjomba wake akamwambia kwamba nyumbani hakuna kazi, kisha akaona haya, akidhani ametoa lawama, akaongeza upesi, "Mwaka si murefu."

Na ule utepe wa chuma? Kwa miezi yote hiyo haukutoka kabatini. Siku moja tu baada ya kupima kiwanja cha Zéphirin, mkubwa wa ofisi alisema chuma kizuri namna ile kisichafuliwe na matope ya cité, kitunzwe kwa ajili ya viwanja vya mjini. Eugène akarudia kitambaa chake kilichokatika na kuendelea kutoa moja, sawasawa kabisa, kiwanja baada ya kiwanja.

Mwezi wa tisa kitambaa kikakatika tena, safari hii katikati. Ikabidi utepe wa chuma utolewe. Eugène na Timothée walikwenda nao kwa mjane mmoja aliyetaka kujenga jiko. Timothée alishika pete, Eugène akasoma.

"Tano na nusu," alisema. "Andika nne na nusu."

"Nne ya nini?"

"Natoa moja."

Timothée alicheka hadi akaachia pete. "Unatoa wapi, ndeko? Hii metre iko nzima! Haina kitu ya kutoa!"

Eugène hakucheka. Aliuvuta mwanzo wa utepe, akautazama: sifuri, kisha moja, kisha mbili, zote zipo mahali pake, zimechongwa kwenye chuma. Timothée, ambaye alikuwa mtu wa utani lakini si mjinga, aliacha kucheka.

"Kiwanja gani?" aliuliza. "Eugène. Ulipima kiwanja gani na hii?"

"Moja tu," alisema Eugène. "Ya tonton."

Siku hiyohiyo aliandika masahihisho, akaeleza kosa lake bila kujificha, akaliweka jalada mbele ya Kasongo, chefu wa cité. Kasongo alisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa haki. Akasema kosa la ofisi halisubiri mwaka, ruhusa itatoka, banda na kibao pia. Ila sahihi ni ya Mzungu wa utawala, na Mzungu amekwenda Isangi kwa kazi. Atarudi na meli baada ya siku kumi, siku ya Ijumaa.

Nje ya mlango Timothée alimshika mkono. "Nenda mwambie mzee leo. Sasa hivi."

"Nitakwenda na karatasi."

"Karatasi itakuja nyuma. Wewe nenda na mudomo."

Alikwenda. Jioni ile, jua likiwa bado juu ya miti, alimkuta Zéphirin amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, shuka mabegani, miguu yake kati ya yale mashimo yaliyofunikwa. Hakuwa amekwenda kwenye mwamba siku tatu. Gertrude alileta lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki, nao wakala sahani moja kama zamani. Mzee alikula tonge mbili tu.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Eugène. Lilikuwa fupi: nilikosa, tonton. Lakini kila akilileta mbele aliona watu ishirini wakicheka, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema gurudumu haiko kipimo ya serikali. Akajiambia kwamba atakuja Ijumaa ya wiki ijayo na karatasi yenye muhuri, amwekee mkononi, na muhuri utamsemea. Aibu hutafuta nguo nzuri kabla ya kutoka nje. Hiyo ndiyo sababu yake, na hakuna nyingine ya kumpunguzia mzigo.

"Mwaka ikiisha," Zéphirin alisema akinawa mkono, "nitaomba tena. Labda nitafupisha. Nitafanya mita mbili, velo moja moja. Utakuya kupima tena, Eugène?"

"Nitakuya, tonton."

"Na hii metre mupya. Ile iko nzuri sana. Ilinikata kidogo kidole siku ile, unayua? Nikasema, ah, hii ni kitu ya kweli."

Eugène alitazama sahani. Gertrude, aliyekuwa amesimama mlangoni na kopo la maji, alimwona anatazama sahani.

Siku tisa zilipita. Kila jioni aliazimia kurudi, na kila jioni alipata kazi ya kufanya ofisini. Ijumaa meli ilifika saa nne asubuhi, na kabla ya saa sita Mzungu alikuwa ametia sahihi bila hata kuuliza. Kwake ilikuwa karatasi kati ya karatasi. Eugène aliipulizia wino ukauke. Akapanda baskeli yake na kukanyaga kama mwendawazimu, kofia ikamwanguka njiani, asirudi kuiokota.

Alipopinda kona aliona majani ya mchikichi yamesimikwa pande zote mbili za mlango wa Zéphirin, mabichi, yaliyokatwa muda si mrefu.

Mtu wa Kisangani akiona majani yale hahitaji kusomewa. Ni tangazo la msiba, na ndilo tangazo pekee katika cité nzima lisiloombewa ruhusa kwa mtu yeyote. Eugène alishuka na kuilaza baskeli barabarani.

Zéphirin alikuwa amekata roho alfajiri ile, kifua kikiwa kimejaa. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kupanda kutoka Wagenia. Hao ni watu wanaojua kusimika miti ndani ya mwamba penye maji yanayonguruma, na walipotaka kutengeneza banda la matanga mbele ya nyumba, hawakuhangaika. Waliinua mbao za sanduku, wakaona mashimo manne mazuri, yaliyonyooka, yenye kina cha kutosha. Wakasimika miti yao humo, wakaezeka majani juu.

Kwa hiyo banda lilikuwa limesimama. Mita tatu kutoka ukutani, pale pale alipopataka, na polisi wa cité akapita barabarani, akavua kofia, akaenda zake. Chini yake wanawake walikaa kwenye mikeka, na katikati ya wanawake alikaa Gertrude, kichwa wazi. Eugène aliingia akapiga magoti. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na hakuweza kuitoa. Alilia. Alilia kama mtoto, hadharani, na watu wakasema angalieni jinsi alivyompenda mjomba wake. Maneno hayo yalimuumiza kuliko matusi.

Matanga yalidumu siku tisa. Katika ukoo ule palikuwa na desturi ya siku ya mwisho: kabla ya banda kubomolewa, mkubwa wa familia huuliza kama kuna mtu mwenye neno juu ya marehemu, alitoe chini ya majani yale yale, kwa sababu banda likishavunjwa neno hilo halitasikilizwa tena. Kwa kawaida husimama mtu wa kusamehe jambo, au wa kusimulia wema. Siku ile alisimama Eugène.

Alisema yote. Alisema utepe wa kitambaa na utepe wa chuma, alisema toa moja, alisema siku kumi za kungoja meli. Akatoa karatasi yenye muhuri na kuisoma, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili: Zéphirin anaruhusiwa kujenga banda mbele ya nyumba yake na kuweka kibao chenye jina lake. Zuberi alikuwa amefunika uso kwa kofia yake.

Gertrude ndiye aliyeuliza, na aliuliza polepole.

"Uliyua lini?"

"Jumanne ile, tantine. Siku kumi mbele ya tonton kufa."

"Siku ulikula hapa lituma."

"Ndiyo, tantine."

"Ulikuwa unayua, na ukakula."

"Ndiyo."

Watu walidhani atamfukuza, na mkubwa wa ukoo alishaanza kuinuka.

"Papa Zéphirin hakutaka karatasi," alisema Gertrude. "Wewe unafikiri alikuwa anangojea karatasi? Tangu siku ile alikuwa anasema akili yake imezeeka. Velo ya mutu akiitengeneza, alinipa mimi niangalie kama gurudumu imenyooka. Mimi, nayua nini na gurudumu? Miezi sita, Eugène. Ungekuya tu ile siku useme, tonton, gurudumu yako ilisema kweli. Angekufa na akili yake."

Gertrude akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na gurudumu lenye kamba nyekundu. Vumbi lilikuwa limelifunika. Akalifuta kwa ncha ya kitenge, akamwekea Eugène mikononi.

"Pima. Batu bote baone."

Alikwenda hadi ukingo wa mtaro, pale pale mjomba wake aliposhika pete. Aliweka kamba nyekundu chini, akaanza kulisukuma kuelekea ukutani, ameinama, na watu wakasogeza mikeka kumpisha. Kamba ilipogusa ardhi alihesabu kwa sauti, kwa kuwa Gertrude alikuwa akitembea kando yake na kutaka kusikia. Moja. Alipita kati ya miti miwili ya mbele, chini ya majani yaliyoanza kukauka. Mbili. Tatu. Gurudumu likawa karibu na ukuta, na nafasi iliyobaki aliipima kwa mkono wake mwenyewe, shubiri ya kwanza, shubiri ya pili, vidole vikagusa udongo wa ukuta.

"Ngapi?" aliuliza Gertrude.

"Saba na kidogo."

"Unatoa ngapi?"

Midomo ya Eugène haikucheza safari hii. Timothée, aliyekuja kwenye matanga na kusimama nyuma kabisa, aligeuka akatazama barabara.

"Sitoi kitu, tantine."

Gertrude akaitikia kwa kichwa. Akawaambia wanaume wavunje. Wale wavuvi waling'oa miti minne, wakaibeba mabegani na kuteremka nayo kuelekea kwenye maporomoko, na wanawake wakakusanya majani ya kuchoma. Kuhusu mashimo, Gertrude hakumruhusu mwingine ayaguse. Alimpa Eugène jembe, naye akayafukia peke yake hadi saa nane mchana, akiwa na shati lake la ofisini, na Gertrude amekaa mlangoni akimtazama.